Chumvi ya Ngurumo

Wiki mbili zilizopita nilifunga duka langu pale Keroka saa nne asubuhi, jambo ambalo silifanyi hata nikiwa na homa, nikaenda kumsikiliza kijana wa mifugo aliyeitwa na chifu. Kijana alikuja na makaratasi yenye picha, kutufundisha namna ya kuwatayarisha wanyama wa nyumbani kabla maafa hayajafika: maporomoko ya udongo, mafuriko, radi, mvua ya mawe. Akasema ng'ombe anaweza kuzoeshwa kukimbilia mahali salama. Akasema hofu ya mnyama inageuzwa kwa chakula. Watu waliandika kwenye madaftari. Mimi nilicheka, tena kwa sauti, mpaka mke wangu akanikanyaga mguu.

Sikumcheka yule kijana kwa dharau. Nilicheka kwa sababu maneno yale niliyajua kabla hajazaliwa, na aliyenifundisha hakujua kuandika hata jina lake. Rafiki yangu, wewe unanijua. Niliishia darasa la nne, na leo nina duka la vifaa vya ujenzi, lori mbili, na nyumba ya mawe ambayo wapita njia huuliza ni ya mheshimiwa gani. Sijivuni, nasema yaliyopo. Lakini siku ile pale kwenye benchi la mkutano mali yote ilinitoka akilini. Nikawa mtoto wa miaka kumi kule kwetu, juu kidogo ya Sironga, nanusa magadi kwenye kiganja cha nyanya yangu.

Hiyo ilikuwa miaka ya sitini ikielekea kwisha. Mvua ya wakati ule ilikuwa na adabu, ilikuja kwa saa yake. Asubuhi jua, mchana joto la kukata pumzi, kisha mawingu yanapanda kutoka upande wa ziwa, meusi kama chungu cha jikoni. Ikifika saa tisa ngurumo inaanza kuviringika kutoka kilima hadi kilima. Siku nyingi ilikuwa mvua tu. Lakini katika miezi ya mvua ya mawe ungeweza kuamka na shamba la migomba lenye afya, na jioni ukakuta majani yote yamechanika kama matambara, pareto imelala chini, na kuku wa jirani wamekufa uwanjani vichwa vikiwa vimepasuka. Na radi, usiniulize habari ya radi ya Kisii. Kila kilima kilikuwa na mti wake ulioungua na hadithi yake ya ng'ombe waliokufa chini yake.

Ng'ombe akiogopa hukimbilia mtini. Ndivyo alivyoumbwa. Nyanya yangu aliamua kumuumba upya.

Nyanya alikuwa na nyumba ya nyasi yenye chumba cha chini cha wanyama, na katikati ya chumba hicho palikuwa na jiwe bapa lililoliwa na ndimi mpaka likawa laini kama sabuni. Ngurumo ya kwanza ikisikika, hata iwe mbali namna gani, aliacha alichokuwa akifanya, akachukua kibuyu cha magadi, chumvi ya mifugo, akanyunyiza konzi moja juu ya jiwe. Hakuna siku aliyowapa chumvi wakati wa jua. Kamwe. Ungeweza kumwona ndama akilamba ukuta kwa hamu ya chumvi, na nyanya anapita tu. "Chumvi ni ya ngurumo," alikuwa akisema. Ndama aliyezaliwa kwake alikua akijua kuwa mbingu ikinguruma kuna utamu nyumbani. Kwa hiyo ng'ombe wa watu walipokimbilia miti, wetu walikimbilia jiwe.

Kuku nao waliwekewa wimbi chini ya matenga, nao walijipanga wenyewe kungojea kufunikwa. Mbwa alipata mfupa chini ya kitanda. Sungura wangu walikuwa na kicha chao cha majani ya viazi kwenye sanduku lililofungwa juu, mbali na ukuta unaovuja. Na sisi wajukuu tuligawiwa ndizi mbivu, kila mtu moja, tukiwa tumeketi kwenye ngozi katikati ya nyumba. Utacheka, lakini mpaka leo, mzee mzima mwenye lori mbili, radi ikipiga mate yananijaa mdomoni.

Jambo la pili lilikuwa kamba. Katika miezi ya mawe, hakuna mnyama wa nyanya aliyefungwa kwa kamba ya mkonge wala mnyororo. Alisokota kamba za magome makavu ya mgomba, nyepesi, za kumzuia mnyama mwenye amani. Mnyama akishtuka na kuvuta kwa nguvu zake zote, inakatika. Ndiyo maana yake. Jirani yetu, mwanamume mmoja aliyekuwa amefanya kazi kwenye mashamba ya chai Kericho na kurudi na minyororo ya chuma na maneno mengi, alikuwa akisimama kwenye kijia na kupaaza sauti.

"Mong'ina! Leo umemfunga ng'ombe kwa uzi wa kushonea?"

"Ndiyo, baba. Na wewe umeufunga mnyororo kwa kondoo."

Kisha anaendelea kusokota. Mong'ina ndiyo heshima yetu kwa mama mzee, na yeye alibeba heshima hiyo kama mtungi uliojaa, haumwagiki.

Lakini uzuri wenyewe wa mpango wake ulionekana siku ya Sabato. Sisi ni watu wa Sabato, na jua likizama Ijumaa hakuna jembe, hakuna panga, hakuna kuni. Jumamosi nzima mji mzima ulikuwa kanisani, na mvua haikuwa muumini. Basi Ijumaa, kabla jua halijazama, nyanya aliwahamishia wanyama zizini walale huko, akanyunyiza magadi juu ya jiwe, akaweka wimbi chini ya matenga yaliyoinuliwa kwa kijiti, akauegemeza mlango wa chini kwa jiwe zito ubaki wazi. Asubuhi wanyama walifungwa kwa kamba ya mgomba na tukaenda kuabudu. Mbingu ikinguruma, wanakata, wanakwenda nyumbani, wanaingia. Hakuna mtu aliyefanya kazi. Mchungaji mwenyewe alikosa mstari wa kumlaumu.

Sasa nikueleze kosa langu.

Mwaka ule baba alikuwa amepata ng'ombe wa gredi, wa damu ya kizungu, wa kwanza kwenye kilima chetu. Alikuwa mwekundu mwenye mabaka meupe, hana pembe, ana macho ya bibi harusi. Watu walikuja kumtazama kama anavyotazamwa mgeni kutoka Ulaya. Alikuwa na mimba, na baba alikuwa ameshatangaza kila mahali kwamba akizaa jike, ukoo wetu hautakosa maziwa milele. Nyanya alimpa miezi mitatu ya chumvi ya ngurumo, na yule gredi, kwa ulafi wake, alijifunza haraka kuliko ng'ombe wa kienyeji.

Mimi nami wakati ule nilikuwa nimegundua kipaji changu. Nilipondaponda majani ya mkonge wa kwenye ua, nikazianika nyuzi, nikasokota pajani mpaka ngozi ikachubuka. Nikatengeneza kamba moja ya nyuzi tatu, nene kama kidole gumba, imenyooka, haina kifundo. Mtoto wa miaka kumi! Wazee wenye ndevu hawakuweza kusokota kamba kama ile, na hilo naapa. Lakini nilipomwonyesha baba aliipindua mara moja mkononi, akasema "Mm," akairudisha. Mm tu. Liliniuma.

Jumamosi ile baba, aliyekuwa shemasi, alitangulia kanisani kuandaa meza ya Bwana. Aliniachia neno moja: "Gredi umfunge bondeni kwenye majani, kwa kamba ya mgomba." Nikasema ndiyo, baba. Kisha nikamfunga kwa kamba yangu ya mkonge, kwenye mkaratusi mrefu kando ya barabara, pale ambapo kila mtu anayekwenda kanisani lazima apite. Nilitaka waone ng'ombe, na wakishamaliza ng'ombe, waone kamba. Nikaenda kanisani nimevaa kaptura ya pasi, nimejaa kiburi hadi kooni.

Mchana mbingu ilifunga mapema. Mchungaji alikuwa katikati ya mahubiri ngurumo ilipopiga mara ya kwanza, nami nikawaza ndizi. Kisha likaanguka jiwe moja juu ya mabati. Tang. Kimya. Tang, tang. Halafu yakaja yote kwa pamoja, na mchungaji akabaki anafungua na kufunga mdomo bila sauti kama samaki. Hapo ndipo nilipomwona akilini gredi akivuta, na kamba yangu nzuri ikikataa.

Nilitambaa kati ya mabenchi hadi upande wa akina mama, nikaweka mdomo kwenye sikio la nyanya.

"Nyanya, gredi hawezi kukata."

"Hawezi kukata nini?"

"Kamba. Nimemfunga na yangu."

"Wapi?"

"Kwenye mkaratusi. Barabarani."

Alifumba macho kidogo. Nilidhani anaomba, labda alikuwa anaomba. Akasema, "Inuka."

Karibu na mlango kulikuwa na mabeseni ya bati yaliyopakwa rangi nyeupe, yamepangwa kwa ibada ya kuoshana miguu. Nyanya alichukua moja, akalifunika kichwani mwake. Akachukua la pili, akanifunika mimi mpaka puani. Mzee wa kanisa aliyelinda mlango aliruka kama aliyekanyaga moto.

"Mong'ina! Vyombo vya Bwana hivyo!"

"Naviazima."

"Ni vya kuoshea miguu ya watakatifu!"

"Leo vitafunika vichwa vya wenye dhambi. Nipishe, mwanangu."

"Mawe yatakuua huko nje, mama!"

"Yakiniua, utakuwa umepata neno la kuhubiri wiki ijayo."

Tukatoka. Kijana wa mifugo angetuona siku ile angezirai, kwa maana alituambia tusikaribie chuma wakati wa radi, nasi tulikuwa tumevaa chuma kama kofia. Mungu alitazama pembeni. Mawe yalikuwa ukubwa wa mbegu za parachichi, yanapiga beseni mpaka meno yanatetemeka, yanapiga mabega, yanapiga vidole. Ardhi ilikuwa nyeupe na yenye utelezi. Nyanya alikunja gauni lake la kanisani hadi magotini na kushuka bondeni kwa miguu mitupu, viatu vya Sabato amevishika mkononi asiviharibu.

Tukiwa katikati ya mteremko, mbuzi wetu wawili walitukata njia, kila mmoja anaburuta kipande cha kamba ya mgomba. Hawakututazama hata kidogo. Nyuma yao akaja ng'ombe wa kienyeji na ndama wake, mkia juu, wanakwenda moja kwa moja kwenye chumvi. "Mmoja, wa pili," nyanya alihesabu, "huyo, na huyo." Hakusema lolote juu ya yule ambaye hakuwemo.

Tulimkuta. Alikuwa amesikia ngurumo, amekumbuka chumvi, amevuta kuelekea nyumbani kwa nguvu zake zote. Alipozuiwa alianza kuzunguka mti, na kila mzunguko ukafupisha kamba, mpaka kichwa chake kikabanwa kwenye gome. Shingo ilikuwa inavuja damu. Lile tumbo lenye ndama lilikuwa linapanda na kushuka kama mvukuto wa mhunzi. Juu yetu mkaratusi ulikuwa unapiga kelele kwa upepo, na radi zilipiga ng'ambo ya mto, moja baada ya nyingine, kama mtu anayetafuta nyumba ya kubisha.

"Fungua," nyanya alisema.

Nilijaribu. Mkonge ukilowa unavimba, na fundo nililolifunga kwa ufundi lilikuwa limegeuka mfupa. Kucha mbili ziling'oka nusu.

"Kisu kiko wapi?"

"Leo ni Sabato, nyanya."

"Nimekuuliza siku, mimi? Nimeuliza kisu."

"Sina."

"Basi tafuta jiwe lenye makali. Upesi."

Nikaokota jiwe, nikabana kamba juu ya mzizi, nikaanza kupiga. Nyanya alivua leso yake ya kiunoni, akamfunika gredi macho, akamwegemea shingoni upande usio na jeraha. Alimsemesha Kigusii, taratibu, kama anayembembeleza mtoto wa binti yake, na nilipotega sikio nikasikia kuwa anamweleza habari za chumvi: kwamba ipo, kwamba haijaisha, kwamba wale wengine hawawezi kuimaliza yote. Mimi napiga. Kamba inaruka chini ya jiwe na kurudi nzima. Piga, piga. Uzi mmoja wa nyuzi tatu ukakatika, bado mbili.

"Uliisokota kumfungia nani, tembo?"

"Nyanya, haikatiki!"

"Usinililie. Ulipoisokota ulilia? Piga!"

Nililia na kupiga. Nililaani mikono yangu. Hakuna siku nyingine maishani niliyotamani kuwa fundi mbaya. Uzi wa pili ulipokatika nilikuwa sihisi tena vidole, na ule wa tatu sikuukata mimi. Radi ilipiga karibu, ngurumo ikaja juu yake palepale, gredi akajitupa nyuma kwa uzito wote wa mwili wake, ukakatika kwa mlio kama wa fimbo. Leso ikaruka. Akatugeukia mara moja, halafu akaondoka, mlima wa nyama wenye mimba, anateleza, anainuka, anakwenda nyumbani.

Ningependa kukuambia kwamba tulipoondoka radi iliupasua ule mkaratusi vipande viwili. Ingekuwa hadithi nzuri, na wengine wangekuongezea hilo. Haikupiga. Mti ulisimama miaka mingi, mimi mwenyewe niliukata nikajengea stoo yangu ya kwanza.

Tulifika nyumbani tumelowa hadi mifupani. Mlango wa chini ulikuwa wazi kama ulivyoachwa. Ndani palikuwa na joto na harufu ya mvuke wa manyoya, na pale kwenye jiwe walikuwa wamebanana bega kwa bega: mbuzi, ng'ombe wa kienyeji, ndama, na gredi katikati yao, ulimi nje, analamba kana kwamba hakuna kilichotokea duniani. Kuku walikuwa chini ya matenga. Mbwa alikuwa chini ya kitanda. Nyanya aliweka mkono kwenye tumbo la gredi, akautuliza pale, akangoja muda mrefu. Kisha akatabasamu.

"Amempiga teke mama yake," akasema. "Amekasirika. Ni mzima."

Nilikaa chini kwenye samadi na kaptura yangu ya pasi. Nyanya alipanda ngazi, akashuka na ndizi mbivu, akanipa, kwa sababu kulikuwa bado kunanguruma. Sijawahi kula kitu kitamu kama kile, na nimekula hoteli za Nairobi.

Baba alirudi jioni uso umemsawijika. Alikuwa amepita kwa jirani na kuona kondoo wake wawili waliokuwa wamefungwa kwa mnyororo kwenye ua wa waya. Radi ilikuwa imepiga waya, na wote wawili walikuwa wamekufa. Akamkagua gredi, akaona jeraha, akaona kipande cha mkonge shingoni. Akashika ncha yake.

"Nani alikata kamba hii?"

Nyanya alichungulia nje kwanza, kuhakikisha kuwa jua limezama na Sabato imekwisha. Ndipo akajibu.

"Ng'ombe aliikata mwenyewe."

Baba akanitazama. Akamtazama mama yake. Akaiacha ncha ya kamba.

Kesho yake jirani alikuja, akasimama uwanjani bila kupaaza sauti. "Mong'ina, nionyeshe hiyo ya uzi wa kushonea." Nyanya alimpa kigoda na magome ya mgomba, wakasokota hadi mchana, na sikusikia hata neno moja la kondoo. Mabeseni ya kanisa yalirudi yakiwa na makovu, rangi imebanduka, na miaka yote iliyofuata watakatifu waliosha miguu ndani yake. Gredi alizaa jike. Maziwa yake ndiyo niliyokunywa nikawa na hii mifupa unayoiona.

Sasa nyanya hayuko, na nyumba ile ya chumba cha chini ilibomoka zamani. Wajukuu wangu wanafuga ng'ombe ndani ya banda la saruji, analetewa majani mdomoni, chumvi ananing'iniziwa ya kulamba usiku na mchana. Mbingu ikinguruma hainui hata sikio. Labda ni vizuri hivyo. Lakini sauti ya kundi zima linalokuja mbio chini ya ngurumo, kwato kwenye udongo mwekundu, kwa furaha wakati kila kiumbe kingine kinaogopa, hiyo sijaisikia tena, na watoto wangu hawataisikia.

Tulipomzika nyanya, baba alisimama mbele ya waombolezaji akasimulia jinsi mama yake alivyolea wanyama hadi ng'ombe wa gredi akakata kamba ya mkonge kwa shingo yake, ili arudi nyumbani. Watu walishangaa, wakapiga makofi. Jioni nilishindwa kuvumilia. Nilikuwa mtu mzima mwenye duka, lakini nilisimama mbele yake kama wa miaka kumi.

"Baba, ile kamba niliipondaponda mimi kwa jiwe."

"Najua," baba akasema. "Ng'ombe hapondi nyuzi. Nilishika ncha kwa mkono huu."

"Mbona hukusema?"

"Mama alishasema ni ng'ombe. Ningembishia mama?"

Akajaza kikombe chake chai. Nikajisikia mwepesi ghafla, kama mtu aliyetuliwa gunia la saruji begani.

"Lakini ilikuwa kamba nzuri," baba akasema. "Nimekaa na hilo neno tangu siku ile uliponionyesha."

Baba naye ameshatuacha. Siku hizi kamba hazisokotwi. Nauza za nailoni, nyekundu na buluu, mita kwa mita, na hakuna mnyama aliyeumbwa anayeweza kuzikata. Kila nikimpimia mtu namwambia: katika miezi ya mawe usimfunge ng'ombe na hii, nenda kwenye migomba yako. Wengi hunicheka, wanadhani sijui biashara. Naikunja kamba yao vizuri, nawapa, nawasindikiza hadi mlangoni.